Namna ya kusoma maikroekonomia mwaka wa kwanza: penseli kwanza, madesa baadaye

Wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) kwenye maikroekonomia si wavivu. Madesa, yaani notsi za kupeana, wameyasoma mpaka yamechakaa, na sheria ya mahitaji wanaitaja hata usingizini. Wape sasa karatasi tupu na swali moja, "bei ya mbolea imepanda, soko la mahindi litakuwaje?", uone mkono unavyoganda. Somo hili linamtazama mnunuzi mmoja, kiwanda kimoja, soko moja, na kila wazo lake lina sura tatu: mchoro, hesabu na maneno. Ukijua sura mbili tu, mtihani utakukuta kwenye ile ya tatu. Kwa hiyo usomaji wake ni wa kuchora na kukokotoa, na daftari la mazoezi linapaswa kujaa kabla ya daftari la notsi.

Vifaa na hesabu za kuanzia

Tafuta daftari la miraba, penseli mbili za HB, kifutio, rula ya sentimita 30 na kikokotoo cha kawaida. Kila mchoro uwe na ukubwa usiopungua sentimita 8 kwa 8. Mchoro mdogo kama stempu hauna nafasi ya kuonyesha pembetatu ya hasara wala mstari uliosogea, na alama za maswali makubwa ziko hapohapo.

Wiki mbili za kwanza za muhula, kabla mambo hayajawa mazito, fufua hesabu tano: mlinganyo wa mstari mnyoofu, milinganyo miwili ya pamoja, asilimia, eneo la pembetatu, na kanuni ya kalkulasi ya kutafuta kasi ya mabadiliko ya vipeo (x² inakuwa 2x, x³ inakuwa 3x²). Hizo zinatosha karibu kwa mwaka mzima wa kwanza. Anayekwama kwenye soko mara nyingi amekwama kwenye sehemu ya aljebra ya kidato cha pili na hajijui.

Maneno yanayodanganya

Vyuo vyetu hufundisha somo hili kwa Kiingereza, lakini ukilielewa kwa Kiswahili utaliandika kwa lugha yoyote. Gawa ukurasa safu mbili: upande mmoja istilahi ya darasani, upande wa pili sentensi moja ya Kiswahili yenye mfano wa mtaani. Tahadhari ni moja: maneno kadhaa tunayoyatumia kila siku yana maana nyingine humu, na ndiyo yanayoangusha watu.

Mahitaji hapa si haja. Mwenye njaa asiye na hela ana haja ya chakula, lakini sokoni hahesabiwi. Mahitaji ni kiasi ambacho mtu yuko tayari kununua na ana uwezo wa kukilipia, kwa kila bei, ndani ya muda fulani. Bidhaa duni haimaanishi mbovu: ni ile ambayo watu wananunua kidogo kipato chao kinapopanda. Dagaa wanaweza kuwa bidhaa duni kwa familia moja na bidhaa ya kawaida kwa nyingine. Uhaba upo siku zote, kwa kila mtu, tajiri na maskini, maana rasilimali zina mwisho. Upungufu ni kitu kingine: unatokea pale bei iliyopo iko chini mno, wanunuzi wakataka zaidi ya kilichopo.

Neno faida ndilo gumu kuliko yote. Chukua mama lishe aliyeacha kazi ya mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi. Akiuza kwa 900,000 na kutumia 650,000 kwa mchele, mkaa na kodi ya banda, kitabu cha mahesabu kitasema amepata faida ya 250,000. Mwanauchumi ataondoa na ule mshahara alioupoteza, yaani gharama ya fursa, na jibu litakuwa hasara ya 50,000. Usiendelee na sura ya kiwanda mpaka hesabu hii imekukaa.

Swali la kwanza kwenye kila soko

Kitu gani kimebadilika? Kama ni bei ya bidhaa yenyewe, mstari wa mahitaji au wa ugavi hausogei, wewe ndiye unayetembea juu ya mstari. Kama ni kitu kingine, yaani kipato, bei ya bidhaa mbadala, gharama za uzalishaji, hali ya hewa au idadi ya wauzaji, mstari wenyewe unahama.

Rudi kwenye mbolea. Bei yake ikipanda, anayeguswa ni mkulima, kwa hiyo ugavi wa mahindi (kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa kila bei) unahama kwenda kushoto. Bei ya mahindi inapanda. Mnunuzi anapunguza kiasi anachonunua, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanachora mstari wa mahitaji nao ukihama kushoto. Ni kosa. Mnunuzi amejibu bei ya mahindi, basi ametembea juu ya mstari wake uleule. Tukio moja kwa kawaida huhamisha mstari mmoja. Ukijikuta umehamisha miwili, simama ujiulize tukio la pili ni lipi.

Jambo jingine linalowachanganya waliotoka kwenye hesabu: bei inakaa kwenye mhimili wa wima, ingawa kwenye mlinganyo bei ndiyo inayoamua kiasi. Mtindo huu ulienea kutokana na Alfred Marshall, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1890, na dunia nzima ya uchumi imebaki nao. Matokeo yake, kabla ya kuchora lazima uugeuze mlinganyo ili bei iwe peke yake upande wa kushoto.

Soko moja, kuanzia mwanzo hadi kodi

Fanya mfano huu mwenyewe kwa penseli, usiusome tu. Namba tumezitunga kwa ajili ya zoezi. Ni soko la nyanya, kiasi (Q) kikiwa sado kwa siku na bei (P) ikiwa maelfu ya shilingi.

Mahitaji: Q = 100 − 10P
Ugavi: Q = −20 + 20P

Linganisha pande mbili: 100 − 10P = −20 + 20P, hivyo 120 = 30P, na P = 4. Rudisha 4 kwenye milinganyo yote miwili, usirudishe kwenye mmoja tu: 100 − 40 = 60, na −20 + 80 = 60. Zimekubaliana. Sado inauzwa shilingi 4,000 na zinauzwa 60.

Sasa geuza uchore. Mahitaji yanakuwa P = 10 − 0.1Q, yaani mstari unaanzia 10 kwenye mhimili wa bei na kugusa 100 kwenye mhimili wa kiasi. Ugavi unakuwa P = 1 + 0.05Q, unaoanzia 1. Ziada ya wanunuzi, yaani tofauti ya walichokuwa tayari kulipa na walicholipa, ni pembetatu iliyo chini ya mstari wa mahitaji na juu ya bei: nusu × (10 − 4) × 60 = 180, au shilingi 180,000. Ziada ya wauzaji ni nusu × (4 − 1) × 60 = 90.

Serikali ikaweka kodi ya shilingi 1,500 kwa kila sado, inayolipwa na muuzaji. Anachobaki nacho muuzaji ni P − 1.5, kwa hiyo ugavi unakuwa Q = −20 + 20(P − 1.5), sawa na −50 + 20P. Linganisha tena: P = 5, Q = 50. Mnunuzi analipa 5,000, muuzaji anabaki na 3,500. Ingawa sheria imemtaja muuzaji, mnunuzi amebeba 1,000 na muuzaji 500. Hiki ndicho kiini cha mada nzima ya kodi: anayepeleka pesa kwa mkusanyaji si lazima awe ndiye anayeumia.

Hakiki kwa maeneo. Ziada ya wanunuzi sasa ni nusu × 5 × 50 = 125, imepungua kwa 55. Ya wauzaji ni nusu × 2.5 × 50 = 62.5, imepungua kwa 27.5. Jumla ya kilichopotea ni 82.5. Serikali imekusanya 1.5 × 50 = 75. Zile 7.5 zilizobaki hazikwenda kwa yeyote. Ni zile sado 10 ambazo hazikuuzwa, pembetatu ya nusu × 1.5 × 10. Hesabu hizi zisipofunga kiasi hiki, kuna kosa, na utaliona papo hapo bila kumngoja msahihishaji.

Mnyumbuko, mahali pa makosa mengi

Mnyumbuko ni asilimia ya badiliko la kiasi ukigawa kwa asilimia ya badiliko la bei. Kwenye soko letu bei imetoka 4 kwenda 5 na kiasi kimetoka 60 kwenda 50. Ukikokotoa asilimia kutoka mwanzo, kiasi kimeshuka kwa 16.7% na bei imepanda kwa 25%, mnyumbuko ni −0.67. Ukikokotoa kinyumenyume, kutoka 5 kurudi 4, unapata 20% kwa 20%, yaani −1. Njia ileile, majibu mawili. Ndiyo maana kuna njia ya wastani: gawa badiliko kwa wastani wa namba mbili. Kiasi: −10 ÷ 55 = −18.2%. Bei: 1 ÷ 4.5 = 22.2%. Mnyumbuko ni −0.82, na hautabadilika hata ukianzia upande wa pili. Uliza mapema mwalimu wako anataka njia ipi, na uiandike juu ya jibu.

Mnyumbuko pia si mteremko. Mstari wetu wa mahitaji una mteremko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mnyumbuko unabadilika kila hatua. Katikati kabisa, pale P = 5 na Q = 50, ni −1. Juu ya hapo wanunuzi ni wepesi wa kukimbia bei, chini ya hapo ni wazito. Kwa jaribio la haraka, tazama jumla ya pesa: kwa bei ya 4 wanunuzi walitumia 240, kwa bei ya 5 wametumia 250. Bei imepanda na matumizi yamepanda, basi mnyumbuko uko chini ya 1 ukiacha alama ya kutoa. Kipimo hiki kinaokoa dakika nyingi kwenye maswali ya kuchagua.

Mnunuzi na bajeti yake

Mada hii ianze na bumu, pesa ya kujikimu ya mwanafunzi. Mwanafunzi ana shilingi 30,000 kwa wiki za sahani ya wali maharage (2,000) na bando (1,000). Akinunua wali tu anapata sahani 15, bando tu anapata 30. Unganisha nukta hizo mbili, huo ndio mstari wa bajeti. Sahani ikipanda kuwa 3,000, nukta ya bando haiondoki, ile ya wali inaingia ndani hadi 10. Mstari unazunguka, hausogei wote. Kipato kikipungua ndipo unasogea wote ukiwa sambamba. Kuchanganya mizunguko na misogeo ni kosa la tesiti ya kwanza kila mwaka.

Kutenganisha athari ya kubadilisha bidhaa (kukimbilia kilicho nafuu) na athari ya kipato (pesa ileile kununua vichache) kunatisha kwenye mchoro kuliko kwenye namba, kwa hiyo anza na namba. Kama ridhiko la mwanafunzi, yaani kipimo cha anavyoridhika, ni mzizi wa pili wa (wali × bando), atatumia nusu ya pesa kwa kila kimoja: sahani 7.5 na bando 15. Bei mpya ikifika, nusu ileile ya 15,000 inanunua sahani 5. Zimepungua 2.5. Sasa jiulize: angehitaji pesa ngapi ili aweze kununua mchanganyiko wake wa zamani kwa bei mpya? 7.5 × 3,000 + 15 × 1,000 = 37,500. Akiwa nazo, angetumia nusu, 18,750, kwa wali, na kupata sahani 6.25. Kutoka 7.5 kwenda 6.25 ni athari ya kubadilisha. Kutoka 6.25 kwenda 5 ni athari ya kipato. Hii ni njia ya mwanauchumi Slutsky. Njia ya mwenzake Hicks inamfidia mpaka arudi kwenye ridhiko la zamani, si kwenye mchanganyiko wa zamani, na namba zake hutofautiana kidogo. Ukichora ya Hicks, mstari wa kufikirika lazima uwe sambamba na bajeti mpya na uguse mkunjo wa zamani, ule unaounganisha michanganyiko yote yenye ridhiko sawa. Wengi huchora kinyume.

Kiwanda: tengeneza jedwali kabla ya mkunjo

Mikunjo ya gharama ikikaririwa inasahaulika ndani ya wiki. Ukiijenga kwa jedwali mara tatu haitoki. Huyu ni mfyatuaji wa matofali ya saruji. Kiasi ni mamia ya tofali kwa siku, gharama ni makumi elfu ya shilingi, na gharama isiyobadilika (uwanja na mashine) ni 12. Gharama ya nyongeza ni ile inayoongezeka kiasi kikipanda kwa kimoja.

| Kiasi | Gharama inayobadilika | Jumla | Gharama ya nyongeza | Wastani wa inayobadilika | Wastani wa jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 10 | 22 | 10 | 10 | 22 |
| 2 | 16 | 28 | 6 | 8 | 14 |
| 3 | 21 | 33 | 5 | 7 | 11 |
| 4 | 28 | 40 | 7 | 7 | 10 |
| 5 | 40 | 52 | 12 | 8 | 10.4 |
| 6 | 60 | 72 | 20 | 10 | 12 |

Funika safu tatu za mwisho kwa karatasi uzijaze mwenyewe. Kisha tazama: nyongeza ikiwa chini ya wastani, wastani unashuka, ikiwa juu, wastani unapanda. Ni kama wastani wa matokeo yako: somo jipya lenye alama ya chini kuliko wastani linaushusha. Ndiyo sababu mkunjo wa nyongeza lazima uikate mikunjo ya wastani kwenye sehemu zake za chini kabisa. Mchoro unaoikata pembeni unapoteza alama.

Soko likitoa bei ya 12, anafyatua mpaka nyongeza ifike 12: mamia 5, mapato 60, gharama 52, faida 8. Bei ikishuka hadi 8, anafyatua 4, anapata 32 na kutumia 40. Anapoteza 8, lakini akifunga atapoteza 12 za uwanja na mashine, kwa hiyo bora aendelee kwa sasa. Bei ikifika 6, hata kwenye kiasi kilicho bora, 3, anapata 18 wakati gharama inayobadilika peke yake ni 21. Hasara ni 15. Afunge. Mpaka ni 7, wastani wa chini kabisa wa gharama inayobadilika. Ukiulizwa "kwa nini anaendelea huku anapata hasara?", jibu ni huo ulinganisho wa 8 na 12, na uandike namba.

Ukishaelewa hapa, ukiritimba (muuzaji mmoja sokoni) ni mwepesi: kanuni ni ileile ya nyongeza kwa nyongeza, ila mapato ya nyongeza (pesa inayoongezeka kwa kuuza kimoja zaidi) yanateremka mara mbili ya kasi ya mstari wa mahitaji ulionyooka. Tafuta kiasi pale mapato ya nyongeza yanapokutana na gharama ya nyongeza, halafu panda hadi mstari wa mahitaji kusoma bei. Kusahau kupanda ndiko kunakoangusha.

Mifano halisi ya kutia kwenye majibu

Jibu lenye tukio la kweli linasomeka tofauti. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Tanzania kila mwezi. Chora mstari wa kikomo juu ya bei ya msawazo (pale mahitaji na ugavi yanapolingana) na mwingine chini yake, ueleze kwa nini wa juu haugusi soko na wa chini unaleta upungufu. Kenya ilifunga riba za mikopo kwa sheria ya mwaka 2016, zisizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Benki zilibana mikopo kwa wafanyabiashara wadogo na kukimbilia dhamana za serikali: upungufu uleule wa mchoro, ukiwa na watu ndani yake. Tozo za miamala ya simu Tanzania zilianza Julai 2021 na kupunguzwa Septemba mwaka huohuo. Ni mfano mzuri wa kodi inayopunguza kiasi kinachouzwa, na wa mnyumbuko, kwa sababu fedha taslimu ni mbadala ulio karibu.

Ratiba ya wiki na chumba cha mtihani

Tenga saa sita kwa wiki nje ya darasa. Moja kabla ya mhadhara, kupitia mada na kuandika maneno mageni. Moja siku ileile ya mhadhara: funga notsi, chora upya kila mchoro kutoka kichwani, ndipo ulinganishe. Tatu za maswali ya semina, ukiyafanya kabla ya kwenda. Kwenda semina kunakili majibu ubaoni ni kupoteza saa mbili. Ya mwisho ni ya kumweleza mwenzako mada moja bila daftari. Pale ulimi unapokwama ndipo pa kurudia. Mitihani iliyopita ianze kuanzia wiki ya nane, ukijipima kwa saa.

Kwenye mtihani wa saa 3 wenye alama 60, kila alama ina dakika 3. Swali la alama 15 likifika dakika 45, liache. Mpangilio wa jibu uwe huu: fasili kwa sentensi moja, mchoro, msawazo wa kwanza, mstari unaohama na mshale wake, msawazo mpya, kisha mnyororo wa sababu kwa maneno, ukitaja kwamba mambo mengine yamebaki vilevile. Usiandike "bei inapanda kwa sababu mstari umehama". Sema nani amebadilisha uamuzi wake na kwa nini, maana mistari haifanyi uamuzi. Dakika kumi za mwisho usizitumie kuongeza aya. Pitia michoro yote: mihimili ina majina na vipimo, kila mstari una herufi, nukta za msawazo zimeshushwa kwa mistari ya vitone hadi kwenye mihimili yote miwili.